Mgonjwa Asiyepinga: Uchambuzi wa Kisa cha HL na Hospitali ya Bournewood

Tarehe 22 Julai 1997, katika kituo cha mchana kilichoendeshwa na halmashauri moja ya kusini mwa Uingereza, mwanamume mmoja alishikwa na fadhaa kubwa, akaanza kujipiga ngumi kichwani na kukibamiza kichwa ukutani. Katika kumbukumbu za mahakama anatajwa kwa herufi mbili tu, HL. Alizaliwa 1949 akiwa na usonji, hakuweza kusema, na uelewa wake ulikuwa finyu kiasi kwamba katika miaka 7 ya mashauri yaliyofuata hakuna daktari wala wakili aliyedai kuwa angeweza kuyakubali matibabu au kuyakataa. Wafanyakazi wa kituo waliwatafuta walezi wake wasiwapate. Wakamwita daktari wa karibu, naye akampa dawa ya kutuliza, lakini fadhaa haikuisha. Kwa ushauri wa ofisa wa huduma za jamii aliyekuwa na dhamana ya matunzo yake, alichukuliwa kwa gari la wagonjwa hadi idara ya dharura, na huko daktari wa magonjwa ya akili akaona kwamba anahitaji kulazwa. Wauguzi wasaidizi wawili wakamshika huku na huku, wakamwongoza hadi wodini. Kumbukumbu zinaeleza kwamba hakujaribu kuondoka.

Maneno hayo, kwamba hakujaribu kuondoka, ndiyo yaliyoamua hali yake kisheria kwa muda wa miezi 3 iliyofuata, na ndiyo yaliyolipeleka shauri hili hadi Strasbourg, kwenye Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Mijadala mingi kuhusu kulaza watu kwa lazima huanza na mgonjwa anayepinga: anayekataa dawa, anayepigana na askari mlangoni, anayemwandikia jaji barua akiomba atolewe. Mtu huyo ana shida kubwa, lakini sheria inamwona, kwa sababu kupinga kwake kunamlazimisha daktari kuchukua fomu. HL hakupinga. Kisa chake kinauliza swali ambalo naliona gumu zaidi: je, mtu asiyeweza kusema hapana yuko hospitalini kwa hiari ya nani?

Hospitali yenyewe, Bournewood iliyokuwa Surrey, kusini mwa Uingereza, haikuwa ngeni kwake. Aliingizwa humo akiwa na umri wa miaka 13, na akakaa humo zaidi ya miaka 30. Machi 1994 alikabidhiwa kwa majaribio kwa familia iliyolipwa kumtunza, Bwana na Bibi E, akaishi nao vizuri kwa zaidi ya miaka 3, akihudhuria kituo cha mchana mara moja kwa wiki. Hata hivyo hospitali haikuwa imemwondoa rasmi katika wagonjwa wake. Kwenye karatasi, nyumba ya akina E ilikuwa mahali alipopelekwa kujaribiwa, na wodi ikabaki kuwa mahali anapotoka. Tofauti hiyo ya kiofisi inaeleza kwa nini, siku ile ya Julai, wataalamu waliona kumrudisha wodini kuwa jambo la kawaida, kama kwamba anarejea kwao.

Daktari bingwa aliyekuwa na dhamana ya HL alikuwa anamfahamu kwa miaka mingi. Alifikiria kutumia Sheria ya Afya ya Akili ya 1983, yaani kumlaza kwa lazima kwa utaratibu rasmi, akaamua kwamba hakuna haja, kwa kuwa mgonjwa alikuwa mtiifu na hakupinga kulazwa. Baadaye alieleza waziwazi kwamba kama HL angepinga, angependekeza azuiliwe chini ya sheria hiyo. Kwa hiyo uamuzi wa kitabibu ulikuwa umekwisha kufanywa kwa vyovyote vile: HL asingetoka. Kilichobaki kuamuliwa ni kama atazuiliwa pamoja na ulinzi wa sheria au bila ulinzi huo, na jambo hilo liliachwa litegemee mwenendo wa mtu ambaye, kwa maelezo ya daktari huyohuyo, hakuweza kufahamu kinachoendelea.

Walezi waliambiwa wasije kumwona kwanza. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kitabibu: akiwaona, angedhani kwamba wamekuja kumchukua, na angefadhaika wakiondoka bila yeye. Naamini daktari aliisema kwa nia njema. Lakini sababu hiyo inabeba ushahidi ndani yake. Ikiwa mgonjwa angetaka kuondoka pindi awaonapo watu aliowazoea, basi utulivu wake wodini haukuwa ridhaa. Ulitokana na kutoonyeshwa njia ya kutokea. Bwana na Bibi E hawakumwona tena HL hadi tarehe 2 Novemba.

Ili kuelewa alichokikosa, yafaa tuangalie alichokuwa nacho mgonjwa wa kitanda cha jirani, aliyelazwa rasmi chini ya sheria ya 1983. Mgonjwa huyo aliingia kwa maombi yaliyoandikwa na ofisa wa ustawi wa jamii aliyeidhinishwa au ndugu wa karibu, yakiungwa mkono na madaktari wawili. Kama alilazwa kwa uchunguzi, muda wake ulikuwa siku 28. Kama ni kwa matibabu, miezi 6, kisha sababu zitolewe upya. Hata dharura ilikuwa na saa yake: daktari mmoja angeweza kupendekeza mtu aingizwe haraka, lakini baada ya saa 72 pendekezo hilo lilikufa lisipopata la pili. Mgonjwa alielezwa haki zake, angeweza kwenda mbele ya baraza huru la mapitio, ndugu yake wa karibu angeweza kudai atolewe, na dawa zikiendelea zaidi ya miezi 3 bila ridhaa yake, daktari kutoka nje ya hospitali alitakiwa kuja kuangalia. Baada ya kutoka, aliyelazwa kwa matibabu alikuwa na haki ya kupewa huduma za matunzo nje ya hospitali. Kwa HL hapakuwa na maombi, tarehe ya mwisho, baraza wala daktari wa nje. Mtu aliyelala kitanda cha pili kwa sababu alipigana aliingia na haki zote hizo. Yeye, kwa kuwa alitulia, aliingia mikono mitupu.

Pengo hili halikuchimbwa na watu wabaya. Chini ya sheria za zamani za Uingereza, kuingia hospitali ya wagonjwa wa akili kulihitaji cheti mbele ya hakimu, na cheti hicho kilimwachia mtu fedheha ya maisha. Sheria ya 1930 ililegeza mambo kwa kuweka makundi mawili zaidi: wagonjwa wa hiari, walioandika wenyewe kuomba kulazwa, na wagonjwa wa muda, yaani wale ambao kwa wakati huo hawakuweza kueleza kama wanataka matibabu au hawataki. Kundi hilo la pili lilihitaji maombi ya maandishi na mapendekezo ya madaktari wawili, na muda wake ulikuwa miezi 6. Kisha ikaja Tume ya Kifalme iliyoongozwa na Lord Percy, ambayo ripoti yake ya 1957 ilisema hospitali ya akili iwe kama hospitali nyingine yoyote: mtu alazwe bila fomu, ilimradi hakatai. Sheria ya 1959 ikafuata ushauri huo, na ya 1983 ikaurithi. Ulikuwa ushauri wa kiungwana, na maelfu ya wagonjwa waliepushwa aibu ya cheti. Ila katika kufuta fomu, lilifutwa pia lile kundi la wasioweza kusema ndiyo wala hapana, nao wakahesabiwa pamoja na waliokubali. Kwa jicho la sheria, kutopinga kukawa ni kukubali.

Msomaji wa pwani atakumbuka kwamba fikihi yetu hukihesabu kimya cha bikira anayeulizwa kuhusu ndoa kuwa ndiyo idhini yake. Kimya kile lakini kina masharti: anaulizwa, analifahamu swali, angeweza kukataa, na yuko walii na mashahidi wanaowajibika kwa atakayoyasema. Kukichukua kimya cha mtu asiyejua kwamba ameulizwa, na ambaye hakuna aliyemuuliza, ni jambo jingine kabisa.

Shauri lilifunguliwa kwa jina la HL mwaka huohuo wa 1997, kuomba uamuzi wa kulazwa kwake upitiwe na mahakama, kuomba afikishwe mahakamani na kuachiwa, na kudai fidia kwa kufungiwa na kushikwa kinyume cha sheria. Mahakama Kuu iliyakataa maombi hayo mwezi Oktoba: hakuzuiliwa, ilisema, kwa sababu hakuwa amezuiwa kwa hakika kuondoka. Upande wa HL ulikata rufani. Mwishoni mwa Oktoba Mahakama ya Rufani ilidokeza kwamba ingeupa upande huo ushindi, na hukumu kamili ilitolewa tarehe 2 Desemba. Majaji walisema kwamba mtu amezuiliwa pale ambapo wenye mamlaka juu ya jengo alilomo wamekusudia asitoke na wana uwezo wa kumzuia, na kwamba Bunge likishatunga sheria kamili kuhusu kuzuia wagonjwa wa akili, hospitali haiwezi kuzunguka nyuma yake na kutumia kanuni ya zamani ya ulazima, inayomruhusu daktari kumtibu asiyeweza kutoa ridhaa.

Hapa pana jambo ambalo wachambuzi wengi hulipita haraka, nami ningependa kulikalia. Mara tu Mahakama ya Rufani ilipodokeza msimamo wake, hospitali ilimweka HL chini ya sheria ya 1983, yaani ilimlaza rasmi kwa lazima. Kwa maneno mengine, ushindi wake wa kwanza mahakamani ulimfanya awe mfungwa rasmi. Siku chache baadaye walezi waliruhusiwa kumwona. Madaktari huru walimchunguza kwa ajili ya mapitio, wakaona kwamba hali yake haikuhitaji azuiliwe hospitalini. Tarehe 5 Desemba alirudi kwa akina E, na tarehe 12 Desemba mameneja wa hospitali wakamwondoa rasmi. Alikuwa amekaa zaidi ya miezi 3 kama mgonjwa asiye rasmi bila tarehe yoyote mbele yake. Kama mgonjwa wa lazima alikaa kama wiki 5. Sitasema kwamba fomu pekee ilifungua mlango, maana mahakama na wanasheria walikuwa wamesimama hapohapo nje. Hata hivyo mpangilio wa matukio una uzito wake: alipotambuliwa kuwa amezuiliwa, ndipo watu walipolazimika kuuliza kwa nini amezuiliwa.

Hospitali ilikata rufani hadi kwa majaji wa Baraza la Malodi, ambalo hadi 2009 lilikuwa mahakama ya mwisho ya nchi hiyo. Uamuzi wa tarehe 25 Juni 1998 uliwagawa. Majaji 3 kati ya 5 walisema HL hakuwa amezuiliwa: mlango wa wodi haukuwa umefungwa kwa ufunguo, naye hakujaribu kuutumia; kumzuia kulikuwa ni jambo ambalo lingeweza kutokea, na halikutokea. Wawili walikataa. Lord Steyn alisema dai kwamba mtu huyo alikuwa huru kwenda zake ni hadithi ya kubuni ya watoto. Alionyesha jinsi kila nafasi ya kupinga ilivyokuwa imezibwa mapema, kwa dawa ya kutuliza, kwa kumpeleka hospitalini na kwa kumwangalia kwa karibu wakati wote, kila hatua ikichukuliwa kwa nia njema. Lakini wote 5 walikubaliana juu ya matokeo: kanuni ya ulazima, ile inayomruhusu daktari kumtibu aliyezimia barabarani, ilitosha kuhalalisha yote yaliyofanyika. Hospitali ikashinda.

Mbele ya majaji hao kulikuwa na takwimu zilizowashtua. Tume iliyosimamia utekelezaji wa sheria ya 1983 ilikadiria kwamba uamuzi wa Mahakama ya Rufani ungeongeza wagonjwa 22,000 katika idadi ya waliozuiliwa rasmi siku yoyote ile, na kulazwa kwa lazima 48,000 kila mwaka. Wapo wanaozisoma takwimu hizi kama hoja ya gharama. Mimi nazisoma kama sensa. Watu 22,000 walikuwa tayari wamelala wodini na katika nyumba za matunzo. Uamuzi wa mahakama usingemwongeza hata mmoja, ungewahesabu tu.

Strasbourg ilitoa hukumu yake tarehe 5 Oktoba 2004. Katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu swali la kwanza lilikuwa lilelile, kama HL alinyimwa uhuru wake, na jibu lilipatikana bila kujali hali ya kitasa. Mlango ulifungwa au haukufungwa, mahakama ilisema, si jambo la kuamua shauri. La kuamua ni kwamba wataalamu walikuwa na udhibiti kamili juu ya matunzo yake na mienendo yake kwa muda wote ule, tangu 22 Julai hadi alipolazwa rasmi. Na uhuru ni haki kubwa mno kwa mtu kuupoteza kwa sababu tu amejisalimisha, seuze pale inapokubaliwa na wote kwamba hana uwezo wa kukubali wala kukataa.

Sehemu inayofuata ya hukumu ndiyo yenye mafunzo kwa yeyote anayeandika viwango vya huduma za dharura ya akili. Tangu shauri la Winterwerp dhidi ya Uholanzi la 1979, mahakama hiyo imeshikilia masharti matatu kabla ya kumzuia mtu kwa sababu ya akili yake: utaalamu wa tabibu uthibitishe ugonjwa, ugonjwa uwe wa aina au kiwango kinachodai mtu azuiliwe, na kuzuiliwa kuendelee pale tu hali hiyo inapoendelea. Mahakama ilikubali kwamba siku zile HL alikuwa ameonekana, kwa ushahidi wa kutosha, kuhitaji kuzuiliwa. Kwa hiyo kwa upande wa tiba, hospitali haikushindwa. Ilishindwa kwa sababu hapakuwa na utaratibu. Mahakama ilishangazwa na jinsi kusivyokuwa na kanuni yoyote ya kudumu: nani apendekeze kulazwa kwa mgonjwa wa aina hii, kwa sababu gani zilizoandikwa, kwa lengo gani, uchunguzi au matibabu, kwa muda gani, na nani amwakilishe. Wataalamu walichukua mamlaka yote juu ya uhuru wa mtu dhaifu kwa kutegemea tathmini zao wenyewe, walizozifanya kwa wakati walioutaka wao. Mahakama haikutilia shaka nia yao. Ilisema tu kwamba kazi ya utaratibu ni kumlinda mtu dhidi ya makosa ya wenye nia njema. Ikaongeza kwamba njia za mahakamani zilizokuwapo hazikumpa HL nafasi ya kweli ya kuhoji kama bado anahitaji kuzuiliwa, kwa kuwa mapitio ya wakati ule yaliuliza tu kama daktari amekosa busara kabisa, bila kuupima ushahidi wa kitabibu wenyewe. Ibara ya 5 ya Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu, inayolinda uhuru wa mtu, ilikuwa imevunjwa mara mbili. Fidia ya maumivu hakupewa. Kutamkwa kwa kosa kulihesabiwa kuwa kumetosha.

Madaktari wanaofanya kazi usiku katika idara za dharura wana jibu lao, na lafaa lisikilizwe. Mtu anajigonga ukutani. Hakuna muda wa kutafuta saini mbili, na ukiweka fomu kati ya mgonjwa na sindano, siku moja mgonjwa atakufa fomu ikijazwa. Hilo ni kweli kwa saa za mwanzo. Kanuni ya ulazima ilizaliwa kwa ajili ya saa hizo, na binafsi sioni kosa katika dawa aliyopewa HL kituoni wala katika safari ya gari la wagonjwa. Dharura lakini ina mwisho. Siku ya tatu mgonjwa ametulia, walezi wamepatikana, simu inapokelewa, na swali la jana limekwisha kugeuka: hatuulizi tena tufanye nini asijiumize, tunauliza anakaa hapa kwa amri ya nani na mpaka lini. Kosa la Bournewood lilikuwa kulibeba jibu la saa ya kwanza na kulitumia katika wiki ya kumi. Sheria ya 1983 ilikuwa na zile saa 72 kwa sababu hiyohiyo, na kwa mgonjwa asiyepinga hakuna aliyeziwasha.

Kuna pia hoja ya fedheha, kwamba kumwandikisha mtu mpole kama mgonjwa wa lazima ni kumdhalilisha bure. Ilikuwa na nguvu 1957. Katika kisa hiki, HL hakuwa na habari ya lebo yoyote aliyopewa. Alichokijua ni kwamba hawaoni tena watu wa nyumbani kwake.

Kwetu Afrika Mashariki kisa hiki kina uhusiano ambao si wa kulazimisha. Sheria ya Afya ya Akili ya Kenya, kama ilivyotungwa 1989, iliweka katika kifungu cha 14 mgonjwa asiye wa hiari, na maelezo yake ni yaleyale ya sheria ya Uingereza ya 1930: mtu mwenye ugonjwa wa akili anayeweza kunufaika na matibabu lakini kwa wakati huo hawezi kujieleza kama anataka au hataki kutibiwa. Kulazwa kwake kulihitaji maombi ya maandishi na pendekezo la daktari, na muda ulikuwa miezi 6 inayoweza kuongezwa. Yaani kundi ambalo Uingereza ililifuta 1959 liliendelea kuishi Nairobi miaka 30 baadaye, na kama HL angelazwa Mathari, hospitali ya akili ya Nairobi, mwaka 1997 kwa kuifuata sheria hiyo, angekuwa na jina, karatasi na tarehe ya mwisho. Huenda wengi wakadhani sheria iliyotokana na ukoloni lazima iwe nyuma kwa kila jambo. Katika jambo hili moja, ilikuwa mbele ya ile ya Surrey. Kama wodini ilifuatwa inavyopasa ni suala jingine; familia nyingi zimewafikisha ndugu zao hospitalini wakiwa wamefungwa kamba, bila mtu kuuliza kifungu.

Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu nayo ilipata nafasi yake 2003, katika shauri la Purohit na Moore dhidi ya Gambia, lililohusu wagonjwa waliokuwa katika kitengo cha Campama mjini Banjul chini ya sheria ya 1917 iliyowaita wendawazimu. Tume iliilaumu Gambia vikali kwa kutowapa wagonjwa hao njia ya kupinga kuzuiliwa kwao wala kupata mapitio, na kwa jinsi sheria hiyo ilivyowavunjia utu. Lakini kuhusu ibara ya 6 ya Mkataba wa Afrika, inayolinda uhuru wa mtu, ilisema haikukusudiwa kwa hali ambapo watu wanaohitaji msaada wa kitabibu wamewekwa hospitalini. Naheshimu uamuzi huo kwa mengi, ila katika hili naona Strasbourg, mwaka mmoja tu baadaye, ilifikiri vizuri zaidi. Mtu akiwekwa wodini asikoweza kutoka, amepoteza uhuru, na kuhitaji kwake matibabu ni sababu inayoweza kuhalalisha kupotea huko, hakukufanyi kusiwepo.

Uingereza ilijibu hukumu ya 2004 kwa kuongeza katika Sheria ya Uwezo wa Akili ya 2005 utaratibu mpya ulioanza kutumika tarehe 1 Aprili 2009. Hospitali au nyumba ya matunzo inayotaka kumweka mtu asiye na uwezo wa kuamua hupeleka maombi kwa mamlaka, na tathmini 6 hufanywa, pamoja na ya maslahi yake na ya uwezo wake. Idhini haizidi mwaka mmoja, mtu huwekewa mwakilishi, na mahakama maalumu husikiliza malalamiko. Kwa miaka ya mwanzo maombi yalikuwa machache kuliko ilivyotazamiwa. Kisha, Machi 2014, Mahakama ya Juu katika shauri la Cheshire West iliamua kwamba mtu amenyimwa uhuru pale anapokuwa chini ya uangalizi na udhibiti wa wakati wote na haruhusiwi kuondoka, hata akiwa na furaha na hata nyumba ikiwa nzuri. Lady Hale, mmoja wa majaji, alisema tundu la ndege lililopakwa dhahabu bado ni tundu. Maombi ambayo mwaka uliotangulia hayakufika 14,000 yakaruka hadi zaidi ya 100,000, na kufikia 2023 yalikuwa yamepita 300,000 kwa mwaka katika England peke yake.

Sheria inataka maombi ya kawaida yaamuliwe ndani ya siku 21. Halmashauri nyingi hazifiki hapo hata kwa mbali, na Bunge lilipopitisha sheria nyingine 2019 ili kurahisisha utaratibu, serikali iliahirisha kuanza kwake tena na tena, hadi Aprili 2023 ikatangaza kwamba haitaanza ndani ya muhula wa Bunge lile. Wakati wa kusubiri, mtu hubaki palepale alipo, mlango ukiwa chini ya macho ya wahudumu, na kinachomweka humo ni lile lile lililomweka HL: maoni ya wataalamu wanaomtunza. Tofauti ni kwamba sasa jina lake liko kwenye foleni, na iwapo mtu yeyote atakwenda mahakamani kwa niaba yake, hakuna wakili wa hospitali atakayesimama kudai kwamba alikuwa huru kwenda zake.